Jibu Kubwa la Nchi ya Simika

Jinsi Eliwaza Mkwizu alivyofika nchi ya Simika tusipotezeane muda nayo. Alifika, basi. Kinachofaa kujulikana ni kwamba huko alikotoka alikuwa na kazi ambayo watu hawaioni mpaka iwakwaze: aliandika yale maswali yanayojitokeza mtu anaposakinisha programu kwenye kompyuta. Iwekwe wapi? Ile ya zamani ifutwe au ibaki? Umeyakubali masharti? Wenzake walioandika programu zenyewe walimchukulia kama bawabu. Yeye hakujali. Alikuwa mwanamke wa kujiamini, mwenye ulimi, na alishikilia kwamba programu nzuri ikipewa maswali mabovu inaweza kumfutia mtu kazi ya maisha yake yote, na ruhusa akaitoa mwenyewe kwa kidole chake.

Mpakani mwa Simika alikuta afisa mwenye ubao. Afisa alimtazama kwa upole mwingi, akauliza, "Mgeni hataki kujiunga na Umoja wa Washangiliaji?"

Eliwaza akanyamaza kidogo, akijaribu kuelewa ni washangiliaji wa nini.

"Amejiunga," afisa akasema, akamvisha skafu ya kijani. "Utapiga makofi kila Alhamisi. Karibu sana."

"Mbona mimi sijasema kitu!"

"Ndiyo maana umejiunga. Anayenyamaza huchukua Jibu Kubwa."

"Jibu kubwa lipi?"

Afisa akaugeuza ubao. Nyuma yake, kwa herufi zinazosomeka ng'ambo ya mto, paliandikwa AMEJIUNGA. Chini yake, kwa herufi za kutafutwa na miwani, paliandikwa: hakujiunga.

Eliwaza akacheka kwa sauti hadi afisa akaona haya. Alilijua hilo vizuri mno. Hata kwao mtu akibonyeza tu bila kusoma, programu huchukua jibu lililowekwa tayari, na yeye mwenyewe aliwahi kuyaweka tayari majibu mengi yaliyowapendeza mabosi wake. Hakuwa amewahi kuona ujanja huo umevaa sare.

Sasa tuielewe nchi yenyewe. Simika hakuna anayepanga tofali juu ya tofali. Nyumba, daraja, soko, vyote huja katika kifurushi kilichofungwa kamba, kisichozidi sana gunia la mahindi. Kifurushi huwekwa uwanjani, Mwulizaji Mkuu hukisomea Maulizo yake mbele ya wakazi, wakazi hujibu, nacho hujijenga kwa kufuata majibu. Hakina akili wala ubaya. Kikiambiwa kiuache ukuta uliopo, kinauacha. Kikiambiwa kiumeze, kinaumeza pamoja na picha zilizotundikwa. Kwa sababu hiyo nchi ile haina mafundi ujenzi wanaoheshimiwa. Ina watunga maswali, na watunga maswali wote wanakula mshahara wa Wizara ya Ridhaa.

Kuna jambo jingine. Katika Simika, kumwuliza mtu anataka nini ni utovu wa adabu. Ukimwambia mwenzako "Unataka chai?" umemtangazia kwamba kwake hakuna chai. Aliyelelewa vizuri huuliza kwa kukanusha: "Hutakunywa chai?" Adabu hiyo si mbaya, hata sisi tunayo. Ila Wasimika waliichukua wakaitia kwenye sheria, na swali lolote la serikali ni lazima liwe la kukanusha. Neno "hapana" nalo, kwa kuwa ni kavu, limeachiwa walevi.

Eliwaza alipangiwa kukaa mji wa Kivumo, kwa Bi Zawena, mkunga wa zahanati, mama mwenye mwili na sauti ya kuamuru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hutakunywa chai?"

"Ndiyo," akasema Eliwaza, koo limemkauka.

Bi Zawena akaliinua birika, akaondoka nalo kuelekea jikoni. Eliwaza akainuka kumfuata. Miaka yote hiyo alikuwa akiishi na kompyuta, na kompyuta ukiiambia ndiyo inatenda.

"Mama! Nimesema ndiyo!"

"Nimekusikia. Ndiyo, hutakunywa."

"Ndiyo, nitakunywa!"

"Sasa si ungesema nitakunywa?" Bi Zawena akarudi akicheka, mabega yakimtikisika. Alipomaliza kumimina, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Neno hilo hilo ndilo lililoimaliza Tengule."

Tengule ni mji wa jirani. Wizara iliwapelekea kifurushi cha soko jipya, na Mwulizaji Mkuu akauliza, "Hamtaki soko la zamani libaki?" Watu wa Tengule, wenye mabanda yao na biashara zao ndani yake, wakajibu kwa nguvu, "Ndiyo!" Walikusudia: ndiyo, libaki. Wizara ikaandika: ndiyo, hawataki. Kifurushi kikameza soko la zamani, vyerehani, mizani, vyungu vya wauza supu, kila kitu. Walipokwenda kulalamika waliambiwa kwa upole mkubwa kwamba walikubali wenyewe, tena kwa sauti moja.

"Na zamu yetu imefika," alisema Bi Zawena. "Wanatuletea hospitali. Usinielewe vibaya, tunaitaka hiyo hospitali. Mimi sina chumba cha upasuaji, na nimewazika kina mama ambao wangepona. Lakini wodini kwangu yumo Sikudhani. Ana mapacha, damu imemtoka mara mbili, hatakiwi hata kuinuka kitandani. Kifurushi kikiimeza zahanati, kinammeza naye."

"Si umhamishe mapema?"

"Sheria haitaki. Ukihamisha kitu kabla ya Maulizo, umelitangulia jibu. Kifurushi kinarudishwa Wizarani, mji unarudi mwisho wa foleni, na kina mama wanaendelea kufa."

Eliwaza alikasirika, na hasira ile ilimpa nguvu. Maisha yake yote alikuwa akilinda mafaili ya watu. Hakuwahi kuambiwa kwamba ndani ya faili kuna mwanamke amelala.

Kumbe Wizara nayo ilikuwa imepata habari za kazi ya Eliwaza. Baada ya Tengule manung'uniko yalikuwa mengi, na hakuna mtunga maswali wa nchi ile aliyetaka jina lake liwe juu ya Maulizo ya Kivumo. Mwulizaji Mkuu, Mheshimiwa Makangara, mtu wa shati lililonyooka na tabasamu lisilochoka, alimwita Eliwaza ofisini, akamwuliza kama hatakataa kuwaandikia. Safari hii Eliwaza hakusema ndiyo. Alisema, "Nitaandika."

"Wamekupa wewe mgeni ili wakuangushie jumba bovu," Bi Zawena akamwonya.

"Waache waniangushie. Kazi hii naijua kuliko wao."

Akaandika kama alivyozoea, kwa maneno manyoofu: Mnataka zahanati ya zamani ibaki? Akalipeleka swali lake kwenye Baraza la Ndiyo, ambako mambo ya namna hiyo hujadiliwa.

Baraza hilo lina vyama viwili. Wa-Neno wanaamini kwamba ndiyo hukubali maneno kama yalivyotamkwa, kwa hiyo anayeulizwa "Huli?" akajibu ndiyo, hali. Wa-Tendo wanaamini kwamba ndiyo hukubali tendo lenyewe, kwa hiyo mtu huyo huyo apakuliwe. Wamegombana tangu enzi za babu zao. Safari moja walichoka, wakaamua kupiga kura wayamalize, na spika akauliza, "Hatujakubaliana?" Wote wakaitikia ndiyo, na kila chama kikarudi nyumbani kikishangilia ushindi. Wizara haina chama. Huchagua maana inayoifaa siku hiyo.

Mheshimiwa Makangara aliposoma swali la Eliwaza, uso ulimwiva. "Mnataka?" akarudia, kama mtu aliyetemewa mate. "Dada yangu, hawa ni watu wazima, wana familia. Utasimamaje mbele yao uwaulize wanataka nini? Unawadhalilisha."

"Kuwamezea soko hakukuwadhalilisha?"

"Soko walilikubali."

Mzee mmoja wa Wa-Neno akasimama kuunga mkono, na mzee wa Wa-Tendo akasimama kumpinga huyo. Jua likasogea hadi upande wa pili wa ukumbi bila mtu yeyote kulitaja jina la Kivumo. Eliwaza alijaribu kuwaeleza kwamba ndiyo ipewe maana moja tu, yake, ya kompyuta. Wakamsikiliza kwa heshima, na kisha wakamhesabia kuwa mfuasi wa Wa-Tendo. Swali lake likatupwa.

Alirudi Kivumo amefura. Alijiona mjinga, na hiyo hali hakuizoea. Bi Zawena alikuwa wodini, kwa hiyo akamfuata huko, akasimama mlangoni asije akamsumbua mgonjwa. Sikudhani alikuwa amelala chali, tumbo limesimama kama chungu, uso umetulia kidogo.

"Hujaniambia panauma wapi," alisema Bi Zawena.

"Hapa chini. Na mgongo, upande huu."

"Na huku?"

"Huku hapaumi."

Eliwaza akashika mwimo wa mlango. Swali la Bi Zawena lilikuwa la kukanusha, la adabu kabisa, Makangara mwenyewe asingepata pa kulishika. Wala halikujibika kwa ndiyo, kwani ndiyo isingemwonyesha mtu mahali panapouma. Ilimbidi Sikudhani apataje. Eliwaza akajiona alivyopoteza muda akigombania maana ya neno ambalo hakuwa na haja nalo hata kidogo.

"Mama," akasema, "nimepata. Ile 'ndiyo' tunaitoa. Tunaitupa nje, na baraza lake lote."

Akaandika upya. Swali kuu likawa: Hamjatuambia kipi kibaki. Na kifurushi kikaelekezwa kwamba ndiyo na hapana si majibu; kisubiri kitu kitajwe kwa jina lake. Kilichotajwa, kisikiguse.

Mheshimiwa Makangara alilisoma mara kadhaa, akalinusanusa kutafuta kosa. Lilikuwa la kukanusha. Lilikuwa na heshima. Akalipitisha, akachukua kalamu yake nene, na pale pa Jibu Kubwa akaandika: KISIBAKI KITU.

"Hapana," Eliwaza akasema, na makarani wawili wakageuka kumtazama kana kwamba amelewa. "Hapo paandikwe KIBAKI KILICHOPO. Mtu akinyamaza, asipoteze chochote. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii."

"Swali ni lako," akajibu Makangara, tabasamu likiwa palepale. "Jibu Kubwa ni la Wizara. Tangu lini serikali ikauliza bila kujua inataka kujibiwa nini?"

Alibishana naye mpaka sauti ikamkauka. Akashindwa, na kushindwa huko kulimuuma. Lakini alipokuwa akitoka ofisini alikuwa na uhakika wake. Watu wa Kivumo wangesema. Bi Zawena angesimama mbele kabisa, aitaje wodi kwa sauti yake ile, na Jibu Kubwa lisingepata nafasi. Walipanga hivyo, wakacheka, na Bi Zawena akatengeneza hata kilemba cha kuvaa.

Siku ya Maulizo mji mzima ulijaa uwanjani mbele ya zahanati. Kifurushi kiliwekwa katikati, kamba zikakatwa. Eliwaza alikaa jukwaani na skafu yake ya kijani, kwa kuwa mtunga maswali lazima awepo lakini haruhusiwi kujibu. Akamtafuta Bi Zawena kwenye safu ya mbele. Hakumwona. Mwanamke aliyeketi karibu na jukwaa akamwambia kwa kunong'ona kwamba Sikudhani ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na mkunga hawezi kumwacha.

Mheshimiwa Makangara akasimama, akainua mkono. Kwa sheria ya Simika, mkono wa Mwulizaji ukiwa juu watu wanaweza kujibu. Ukishuka, kimya kimekubaliwa.

"Ndugu zangu wa Kivumo," akasema kwa sauti tamu. "Hamjatuambia kipi kibaki."

Kutoka upande wa nyuma mtu akaitikia kwa mazoea, "Ndiyo." Wengine wakadakia, ndiyo, ndiyo. Kifurushi hakikutikisika. Watu wakatazamana. Katika maisha yao hawakuwahi kusema ndiyo ikashindwa kufanya kazi. Hawakujua neno jingine la kusema mbele ya serikali, na kwa hiyo wakafanya lile la pili walilolizoea: wakanyamaza.

Mkono wa Makangara ukaanza kushuka, polepole, kwa adabu. Eliwaza aliogopa, aliogopa kwelikweli. Aliona yote aliyoyafanya. Alikuwa amewaondolea watu neno pekee walilokuwa nalo, na hakuwapa jingine. Akasimama avunje sheria, na askari wa jukwaani akamkalisha kwa kumbana bega.

Dirisha la wodi likafunguliwa kwa kishindo. Bi Zawena alitoa kichwa, bila kilemba, mikono imelowa hadi kwenye viwiko.

"Wodi ibaki!" akapiga ukelele. "Wodi ya wazazi ibaki, na wote waliomo! Mmekuwa mabubu nyie?"

Kifurushi kikavuma. Kuta nyeupe zikachomoza kutoka ardhini pande zote, zikaja hadi kwenye wodi, zikasimama, zikaizunguka bila kuigusa hata rangi yake iliyobanduka.

"Na kitanda changu!" ikasikika sauti ya Sikudhani kutoka ndani, imebanwa na uchungu, na watu wakaangua kicheko. Kicheko kile kilifungua kitu. Mzee Ndekwa, fundi viatu ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wa zahanati, akainuka akikohoa.

"Na kibanda changu kibaki," akasema, halafu akaogopa sauti yake mwenyewe. Ukuta ukapiga kona, ukakipisha kibanda.

Basi hapo tena hawakushikika. Bomba la maji libaki! Benchi la wagonjwa! Njia ya mkato ya kwenda shule! Dirisha la dawa, lakini lisogezwe, maana pale lilipo jua linatuunguza! Mheshimiwa Makangara mkono wake ulikuwa bado hewani, kwa kuwa sheria haimruhusu kuushusha mtu akiwa anasema, na sikuzote alikuwa akiushusha mapema kabla mtu yeyote hajapata la kusema. Jasho lilimtoka kwapani, likaingia kwenye shati lililonyooka. Hospitali ilijengeka ikipinda na kukunjuka, mbaya kwa sura, na kila upande wake mtu fulani aliutambua kuwa ni wake.

Walipokaa kimya kupumua, Makangara alilirukia swali la mwisho, lile la Wizara ambalo hufunga kila kifurushi milele. Likishajibiwa, hakuna kinachobadilishwa tena. Jibu Kubwa lake halijawahi kuwa jingine ila TUMERIDHIKA.

"Hamjaridhika?" akauliza, na mkono akauinua nusu tu.

Ndani ya wodi mtoto akalia. Watu wakageuza vichwa, wengine wakapiga vigelegele, na Bi Zawena akatokeza tena dirishani na kichanga kilichofunikwa kanga.

"Bado!" akawapigia kelele. "Huyu ni wa kwanza!"

"Bado!" uwanja mzima ukaitikia.

Makangara akakitazama kifurushi. Hakikufungwa. Akapekua Maulizo, akayarudia, kisha akamgeukia Eliwaza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na tabasamu.

"Wamejibu nini hawa? Bado si ndiyo. Wala si hapana."

"Ndivyo, mheshimiwa."

"Sasa kifurushi kinafanya nini?"

"Kikisikia jibu kisilolijua, kinarudi swali la kwanza. Ni kawaida ya kazi yetu. Huwezi kumfungia mtu kazi kwa jibu ambalo hukulielewa."

"Na wakijibu hivyo tena?"

"Unauliza tena."

Mheshimiwa Makangara aliutazama uwanja. Hakuna aliyekuwa akiondoka. Mzee Ndekwa alikuwa amekwishaketi kwenye benchi la wagonjwa, na wanawake wawili walikuwa wakionyeshana kwa vidole mahali ambapo wangependa lango liwe.

"Hii itakwisha lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wakiridhika."

Akakohoa kusafisha koo, akauinua mkono wake uliochoka, na kuanza upya.